Bei ya Mgeni

Nzabandora alikuwa katika likizo iliyokataa kwisha. Alirudi Bihambwe kutoka machimbo ya bati ya Walikale, buti zinang'aa, akatangaza kwamba wakubwa wamempa konje, ndiyo likizo hiyo. Konje ile ikapita mavuno ya maharage, ikapita ya mihogo, na mbuzi aliyenunuliwa kuisherehekea akawa bibi wa wajukuu wenye pembe. Msinicheke, wajukuu hao niliwaona kwa macho yangu, na mmoja alinilia kofia yangu.

Hakuna aliyemuuliza lolote. Kwetu, mtu akijifunika blanketi la uongo kwa sababu ya baridi ya aibu, majirani hawalivuti. Hata mkewe, Thacienne, muuzaji wa maharage sokoni, hakulivuta, ingawa chini yake walilala yeye na watoto pia.

Mwaka wa sitini na sita, siku moja kabla ya soko, kapita Albert, msimamizi wa kijiji, alizunguka vilima akipaza sauti. Bwana mmoja wa serikali anakuja, alisema, kupima mambo mawili: bei zimepanda kiasi gani, na wasio na kazi ni wengi kiasi gani. Wakionekana wengi, barabara ya kwenda Walikale itachimbwa kuanzia kwetu, kwa mikono yetu na kwa malipo. Na mshahara wa wachimbaji wake utafuata bei ya chakula.

Tulistaajabu. Tulikuwa tumeona watu wakipima shamba, hata homa ya mgonjwa. Lakini kupima kitu ambacho hakipo, kazi isiyokuwepo, kunahitaji kamba ya namna gani?

Yule bwana alikuwa kijana mwembamba, Athanase, tai shingoni na matope magotini. Aliwakusanya kina mama akawaeleza bila majivuno.

"Fikirini kikapu kimoja. Ndani muna maharagi, chumvi, mafuta, sabuni. Kila mwaka ninauliza bei ya kikapu kile kile. Kikapu hakikuongezeka, lakini faranga zimeongezeka? Basi pesa njo imepungua nguvu."

"Tumesikia, Papa," walisema, na walikuwa wamesikia kweli. Lakini sokoni kwetu kuna desturi: mtu wa mbali akija mara ya kwanza haambiwi bei chungu. Huambiwa bei ya zamani, na juu ya kopo huongezewa gao la matabisi, nyongeza ya bure, ili moyo wake usirudi nyumbani umekunjamana. Mama Dorothée, ambaye asubuhi ile aliuza kopo la maharage kwa faranga thelathini, alitabasamu kwa meno yote.

"Kumi tu, Papa. Na matabisi juu."

Wote wakafuata, Thacienne naye. Kalamu ya Athanase ikateleza kwa furaha.

Kisha zamu ya wanaume. "Wiki iliyopita ulifanya kazi ao hapana? Kama hapana, unaitafuta?" Maswali hayo aliyauliza mbele ya wake zao, wakwe zao na watu wanaowadai.

"Miye ni mufuga nyuki," alisema Edmond, ambaye nyuki wake walihama kabla ya uhuru.

"Miye mulinzi," alisema Benoît.

"Unalinda nini?"

"Amani."

Watu wakacheka hadi mbuzi wakakimbia. Ikafika zamu ya Nzabandora. Alikaza mgongo, akasogeza mguu mmoja mbele ili buti ionekane.

"Niko konje. Walikale."

Athanase akaandika: ana kazi.

Kufikia adhuhuri, hapakuwa na nchi yenye neema kama Bihambwe duniani kote. Bei zilikuwa zimelala usingizi, na kila mwanamume alikuwa na ajira. Athanase alifunga mkoba wake.

"Nashukuru Mungu," alisema. "Huku hakuna taabu. Barabara tutaipeleka kwa wenye shida."

Siku zote Nzabandora aliamini uongo wake ni mali yake peke yake, kama kovu lililo chini ya shati. Sasa aliuona ukitembea kwenda kulala kwenye meza asiyoijua, pamoja na uongo wa wenzake, na huko ukiitwa ukweli.

Thacienne akasimama, kopo mkononi. Akafuta kilele cha maharage kwa kiganja mpaka kopo likawa sawa na ukingo wake.

"Papa, rudi. Ile bei ilikuwa ya mugeni. Ya kweli ni makumi tatu, na matabisi haiko tena."

"Weye Thacienne!" Dorothée alifoka. "Unatupaka haya mbele ya mugeni?"

"Mama, huyu hakukuja kula, amekuja kupima. Ukimupa uongo, atapima uongo."

"Mwenye tamaa!" sauti nyingine ilirushwa kutoka kwenye mafungu ya chumvi. Thacienne hakuketi.

Athanase alifungua tena mkoba. Aliikata bei ile kwa mstari mrefu, akaandika, kisha akainua macho kuelekea kwa wanaume, taratibu.

"Na hizo kazi zenu, wababa? Nazo ni za mugeni?"

Nzabandora alimtazama mkewe aliyesimama peke yake katikati ya soko zima. Hatua za kumfikia Athanase hazikuwa nyingi, lakini naapa alizeeka njiani.

"Andika tena," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba kuliko alivyokusudia. "Miye sina kazi. Natafuta."

"Tangu wakati gani?"

Nzabandora alianza kuhesabu kwa vidole. Konje ile alikuwa ameirefusha mara nyingi mno. Mwanzo wake ulikuwa umempotea.

"Tangu musimu ile maharagi ilioza na mvua," alisema Thacienne. "Alirudi siku ya Yohana Mbatizaji."

Nzabandora aligeuka. Mkewe hakumtazama, alikuwa amekwisha kuketi, anasogeza gunia. Pembeni pake, juu ya mkeka wa wanawake ambao mwanamume haukalii, palibaki nafasi.

Akakaa. Mtu mmoja alicheka, akanyamaza. Athanase alikuwa bado anaandika, na nyuma yake Edmond alikuwa amesogea karibu, akiangalia kwingine.

Thacienne alimsukumia ungo wa maharage yasiyochambuliwa. Nzabandora akainama, vidole vizito vya machimboni vikatafuta kati ya punje. Akapata jiwe la kwanza, akalishika, asijue alitupe wapi.

Thacienne akamfungulia kiganja.