Mzimu Usio na Mzigo

Asnath alitundika bango lake kwenye ukuta wa kibanda chake cha uchoraji huko Ng'ambo, katika mji wa Wanyamwezi, akamgeukia Ngassa, mwenye filamu ya mzimu wa mpagazi wa Kinyamwezi anayezurura njia ya zamani ya misafara. Ngassa akilikataa, kazi inakwenda kwa mchoraji wa Dar.

"Herufi zinachuruzika damu, macho mekundu, nyuma giza tupu," alisema Ngassa. "Natetemeka, sawa. Sasa nicheke wapi? Filamu yangu inachekesha, dada."

Chidawali, fundi cherehani wa jirani, alichungulia mlangoni, akalitazama bango. Ni Mgogo, mtani wa Wanyamwezi kama Asnath tangu enzi za misafara hiyo hiyo.

"Huyu ni Mnyamwezi kweli? Mbona mikono mitupu? Nyie hata mkifa mnatafuta mzigo wa kubeba!"

"Kachunge ng'ombe zako, Mgogo wee!" alijibu Asnath, huku brashi imeshaingia kazini. Damu hakuigusa, wala giza. Kichwani pa mzimu alichora kata ya nguo ya kutulizia mzigo, na juu ya kata, jeneza lake mwenyewe.

Ngassa aliangua kicheko. Kisha kicheko kikakatika, akageuka kutazama nyuma yake.

"Lichapwe," alisema, macho bado mlangoni.