Ghala la Minyoo

"Bado unao, mzee?" Mkurugenzi aliuliza kwa mbali, leso puani.

"Wapo. Wanakusalimia," mtunza panya alijibu, akiinua kikombe cha choo chake, chenye kifuniko.

Mkurugenzi hakukigusa. Alimwonyesha meza kwa kidevu.

Panya wa maabara, waliofugiwa minyoo ya safura ili dawa mpya ijaribiwe, walikufa kwa njaa huku wakubwa wa kituo wakiwa kwenye semina. Fedha ya chakula chao iliishia kwenye mapazia ya ofisi. Minyoo nayo haifugwi kwenye chupa, inataka tumbo. Wenye shahada wote wakakumbuka ghafla kwamba wana presha. Ndipo wakamgeukia mtunza panya, wakambandika mabuu ya minyoo mkononi yapenye ngozi, wakafunika na bandeji. "Ni muda mfupi tu, mzee wetu."

Sasa ngazi zilimshinda katikati. Nyumbani, binti yake alimfunua kope, akaguna.

"Baba, humu ndani kweupe pee! Unataka kumfuata mama?"

Mama mtu alifia kwenye benchi la hospitali, daktari yuko kikaoni.

"Mkubwa, dawa imekubali kwenye mabuu ya choo changu," mtunza panya alimwambia Mkurugenzi, akitua kikombe mezani. "Nami nipe kidonge."

"Wewe ndiye ghala letu! Ukimeza, mwakani tutaijaribia wapi? Vumilia, bwana. Leo tuna wageni. Vaa koti safi, ulete maji."

Alivaa. Ukumbini, Mkurugenzi alikuwa akitangaza kwamba kituo chake hakitamwacha mnyonge hata mmoja. Mbele ya wageni, juu ya kitambaa cheupe, vidonge vilipangwa vipigwe picha. Mtunza panya akatua trei, akachukua kimoja, akakiteremsha kwa maji ya mgeni rasmi.

Makofi yakalipuka. Wageni walidhani ni sehemu ya ratiba. Mkurugenzi naye akapiga, meno nje, macho yamemtoka pima.

Siku ya pili yeye na Mkurugenzi walisimama kwenye sinki, mtunza panya akisuuza choo chake kwenye chekeche. Minyoo ilibaki juu ya wavu, myembamba, imelegea kama nyuzi zilizofumuliwa.

"Mzee wangu, baba yangu, tazama vizuri. Hata mmoja hajitikisi?"

"Tazama mwenyewe, mwanangu."

Leso ilikuwa imeanguka sakafuni, imelowa. Mkurugenzi akainama, akainama tena, mpaka pua ikakaribia kugusa wavu. Mtunza panya akapunguza maji ya bomba, akamshikia taa.