Bustani ya Juu

Siku ya majaribio ya mjukuu wangu nilikata tiketi kama mgeni mwingine yeyote. Tulikuwa tumekubaliana nisijitambulishe, maana msimamizi wake, mama mmoja mkavu mwenye mwavuli, angetufuata nyuma akimpima. Akiridhika, mtoto angepata kazi ya kuongoza wageni katika bustani za kale za mji. Asiporidhika, basi.

Mjukuu alitembea kinyumenyume ili atuone nyuso. Aliponiita bibi hakuna aliyeshtuka; mwenye mvi huitwa hivyo na kila mtu. Alituonyesha mfereji uliochimbwa kwa mikono, na sauti iliyokuwa ikimtetemeka ikatulia. Moyo wangu nao ukatulia.

Kwenye ngazi za bustani ya juu, kongwe kuliko zote, mzee mmoja wa kundi letu, mwenye mkongojo, aliketi kwenye benchi.

"Nendeni tu, wanangu. Magoti yangu yamestaafu kabla yangu."

Watu wakacheka. Mkewe hakucheka. "Hii ndiyo bustani aliyoijia," alisema polepole.

Kanuni ilikuwa moja: kiongozi haachani na kundi lake. Msimamizi akagonga mwavuli chini. "Muda, dada."

Mjukuu alimtazama, kisha akaketi kando ya mzee. "Jamani, pandeni bila mimi. Kila mmoja arudi na kitu cha kumsimulia babu. Ila msichume hata jani!"

Nikajua amejiponza. Nilipanda hivyo hivyo, na kwa kuwa tulikuwa tumetumwa, tulitazama kama watu waliodondosha sindano. Kijana mmoja hata alitia simu mfukoni. Tuliposhuka, mabishano yakaanza mbele ya mzee.

"Mawaridi ni meupe!"

"Meupe wapi? Ndani yana wekundu, kama sikio la mtoto mchanga."

Mzee alisikiliza amefumba macho. "Na njia? Mawe au changarawe?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekumbuka.

"Changarawe," alisema msimamizi. Kumbe naye alipanda. "Na kuna nyuki wengi kwenye maua ya mwisho. Napita pale kila siku, sijawahi kuwaona."

Langoni alimwita mjukuu wangu. "Umevunja kanuni."

"Ndiyo, mama."

"Kesho uje mapema uchukue sare. Halafu unifundishe ulivyofanya."

Mimi? Nilitoka pale shingo ndefu kama twiga.