Mfuniko Uliokwama Siku ya Fainali

Mume wangu wanamwita Komeo, na jina hilo hakulipata bure. Akikifunga kitu, kimefungwa. Chupa ya chai ikipita mikononi mwake, mimi na wanangu tunakunywa maji. Bomba la uani akilikaza, tunaita jirani. Ukimlalamikia anakujibu, "Kisichokazwa kinavuja," halafu anatabasamu kana kwamba amekupa zawadi. Nimeishi naye hivyo tangu tuoane, na kiu haijaniua. Nilijifunza kufungua.

Kazi yake ni kukata miti. Watu wenye matawi yaliyoinamia mapaa yao humwita, naye huenda na chenso yake, ule msumeno wa injini wenye mnyororo, kaubeba begani kama mtoto aliyelala.

Binti yetu mkubwa ni golikipa wa timu ya wasichana ya mtaa. Wenzake wanamwita Ukuta. Mwaka huo timu yetu ilifika fainali kwa mara ya kwanza, na mechi ikapangwa kuchezwa kwetu. Wiki nzima mtaani hapakuwa na habari nyingine. Mpaka wazee wasiojua kona ni nini walikuwa wanabishana kuhusu kikosi.

Asubuhi ya siku yenyewe, baada ya upepo mkali wa usiku, kocha alitugongea mlango kwa viganja vyote viwili.

"Komeo! Amka! Mti umelala golini!"

Tulitoka mbio, mimi kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Kweli, ule mti mkubwa wa nyuma ya uwanja ulikuwa umeng'oka na mizizi yake, ukaangukia eneo la penalti. Shina lilikuwa nene kama pipa. Tawi moja lilikuwa limeegemea mlingoti wa goli, na wavu umechanika pembeni. Wasichana wetu walikuwa wamesimama, jezi mikononi, kama wamefiwa.

Refa alikuwa ameshafika, mama mmoja mwembamba asiyecheka ovyo. Akazunguka ule mti, akatazama saa yake.

"Mechi ni saa nane," akasema. "Saa saba nikikuta tawi hapa, tunahamia uwanja wa wageni."

"Saa saba?" mume wangu akasema, huku anakunja mikono ya shati. "Mama, saa saba utakuta nyasi tu."

Akavuta kamba ya kuwashia mara moja, mara mbili, chenso ikanguruma. Ee, mimi mume wangu nampenda siku zote, lakini akiwa kazini nampenda zaidi! Unga wa mbao ukaruka kama mvua ya manjano. Tawi likianguka, watu wanalirukia na kulikokota hadi pembeni. Wageni walipowasili kwenye lori lao wakiimba, nilidhani watatucheka. Wakatazama kidogo, kisha nahodha wao akaruka chini na kusema, "Sisi tumekuja kucheza, hatukuja kupewa kombe la mezani." Wakaingia kubeba matawi pamoja na wetu.

Matawi yakaisha. Likabaki shina. Komeo akalikata kipande cha kwanza, akakisukuma, kikabingirika, uwanja mzima ukapiga kelele. Akaanza cha pili. Chenso ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima.

"Mafuta tu hayo," akasema. Akachukua dumu la petroli, akapiga goti, akashika mfuniko wa tangi.

Mfuniko haukuzunguka.

Akashika tena. Mishipa ikamtoka shingoni. Wapi!

"Nani aliufunga?" kocha akauliza.

Wote tukamtazama Komeo. Hakukuwa na haja ya kujibu.

Basi kila mwenye misuli akajitokeza. Dereva wa lori akajaribu, akaondoka akipuliza vidole. Beki wa wageni akajaribu. Ukuta wetu akaja na glovu zake za golikipa, akang'ang'ana mpaka akaanguka kitako. Kisha akaja kaka wa mume wangu, shemeji yangu, fundi baiskeli, na koleo lake. Akabana, akazungusha, krach! Kipande cha ukingo wa mfuniko kikaruka, na koleo lenyewe likafyatuka pini.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akasema, lakini uso wake haukuamini.

Kijana mmoja akatoa kiberiti. "Tuupashe moto kidogo utanuke."

"We!" nikapiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka sokoni. "Unataka kutuzika wote? Weka hicho kiberiti, na nenda mbali nacho!"

Watu wakanigeukia. Mume wangu alikuwa bado amepiga goti, jasho linamtiririka, masikio mekundu. Nikamwonea huruma. Ukuta akanyanyuka, akajipangusa nyasi.

"Mama," akasema, "si uje wewe? Nyumbani nani anafungua?"

Mtu akacheka. Mimi sikucheka. Nikaenda.

"Kwanza utoeni msumeno juani," nikasema. "Umepata moto, mvuke wa petroli umejaa ndani ya tangi na unausukuma mfuniko. Mnashindana na mvuke, siyo na mume wangu."

Wakaubeba mpaka kivulini. Nikalizungushia tangi kitambaa kibichi. Tukasubiri, na kusubiri huko kulikuwa kazi kuliko kukata. Refa akatazama saa. Kocha akatazama refa. Mimi nikachukua mswaki wa zamani kwenye boksi la vifaa la Komeo, nikausugua mfuniko pembezoni. Unga wa mbao ulioganda na oili ukatoka vipande vipande kama ukoko wa sufuria.

"Shemeji, una tyubu kuukuu?"

"Ya baiskeli? Ninazo mpaka za kugawa." Akakata utepe mrefu, akaniletea mbio.

Nikauviringisha ule utepe kwenye mfuniko, raundi baada ya raundi, nikiuvuta ushike vizuri. Mwisho wake nikaufunga kwenye mpini wa bisibisi, upate kuwa mkono wa kuvutia. Nikageuza uso pembeni.

"Baba watoto, shika tangi. Usikaze kitu chochote, nakuomba. Shika tu."

"Nimeshika, mke wangu."

Nikavuta polepole. Kimya. Nikaongeza. Utepe ukalia, mfuniko ukasogea unywele mmoja. Nikahisi kwenye kiganja kabla sijaona.

Psssss!

"Umefunguka!" Ukuta akapiga yowe. Wasichana wa timu zote mbili wakaruka juu kama goli limefungwa, shemeji akanikumbatia, dereva wa lori akampiga kocha mgongoni hadi kofia ikamtoka.

Ndani ya mfuniko tukakuta kile kipete cha mpira kinachozuia petroli kuvuja kimevimba na kujikunja. Nikakifuta, nikakipaka oili kidogo, nikakirudisha kikae sawasawa. Petroli iliyochanganywa oili ikamiminwa. Komeo akachukua mfuniko, akauweka, na mkono wake ukaanza kukaza kwa mazoea.

"Kaza kwa vidole viwili!" uwanja mzima ukapaza sauti.

Mkono ukasita kabla ya kumaliza mzunguko. Akatutazama, akakunja vidole vingine, akamalizia kwa viwili. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Kikivuja je?"

"Kikivuja tutafuta. Kata, mume wangu!"

Akakata. Kipande cha mwisho kilikuwa bado kinabingirika refa alipoingia uwanjani. Akatembea mpaka golini, akapitisha mguu kwenye nyasi, akaokota kijitawi chembamba kama njiti, akakitupa nje mwenyewe.

"Fungeni wavu," akasema. "Tunacheza."

Na kweli tulicheza! Wageni walitufunga la kwanza kabla sijapata pa kukaa. Tukarudisha. Wakaongeza, tukarudisha tena. Karibu na mwisho winga wetu mfupi akapiga mpira wa mbali ambao hata yeye hakuutegemea, ukagonga mlingoti ukaingia. Tatu kwa mbili! Halafu wageni wakaja wote, mashuti matatu mfululizo, Ukuta yuko chini, yuko juu, yuko chini tena, na filimbi ya mwisho ikalia mpira ukiwa kifuani mwake.

Alinijia mbio na vumbi mpaka kwenye kope, akanirukia nikayumba.

"Mama! Ile ya pili uliiona? Ile niliyoitoa kwa ncha ya vidole?"

"Niliiona, mwanangu," nikamwambia. "Niliiona vizuri kabisa."

Nilikuwa nimefumba macho.