Mkono wa Mbele, Mkono wa Nyuma

Usiku wa kuamkia mtihani wake wa kugawa mchezo wa kamari wa pai gow, Nyamizi aliota ameketi mezani na mikono yake haionekani.

Hakushtuka. Katika pai gow kumi ni sufuri, naye alikuwa ameweka vidole vyake vyote kumi juu ya meza. Akakunja gumba moja ndani ya kiganja, na vile vingine vikarudi mahali pake.

"Afadhali," ilisema sauti ya mbao. "Siwezi kumgawia mtu asiye na mikono."

Mwenye sauti hiyo alikuwa kabati la nguo la marehemu mama yake. Lilikuwa limevaa tai nyeusi ya kasino, na kila lilipotaka kusema, mlango wake wa kushoto ulifunguka kidogo na kutoa harufu ya vidonge vya kuzuia mende. Meza ilikuwa sebuleni kwa mama, Temeke, mahali ambapo Nyamizi hakuwa amekanyaga tangu walipoanua matanga.

Nyamizi alikuwa mgawaji wa karata katika kasino moja ya Dar es Salaam, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa wenzake wengi. Lakini huu mchezo wa Kichina ulimtoa jasho. Hauchezwi kwa karata. Unachezwa kwa vipande vyeusi vyenye nukta, vinavyofanana na dhumna. Mchezaji hupewa vinne, avigawe mikono miwili: viwili mbele, viwili nyuma. Nukta zikipita kumi, kumi hudondoka na kinachobaki ndicho huhesabiwa. Mkono wa mbele usizidi wa nyuma. Ukishinda yote miwili, umeshinda. Ukishinda mmoja, ni sare. Nukta zikilingana, hushinda mwenye kipande cha cheo kikubwa zaidi. Na mkono wako ukilingana kabisa na wa mwenye meza, umeliwa, kwa sababu meza ni yake.

Bwana Guo, mwalimu wao, alikuwa akirudia hayo kila asubuhi kwa Kiswahili chake cha taratibu. Kisha humwambia Nyamizi, "Kuhesabu unajua. Kupanga bado."

"Dau lako ni nini?" aliuliza Nyamizi, kwa sauti ile ile anayotumia kazini.

"Dau ni lako wewe," lilisema kabati. "Ni nyumba hii."

"Nyumba ina kesi ya familia. Haiwezi kuwekwa dau."

"Kuta sizitaki. Mimi ni kabati, kuta nitazifanyia nini? Nataka yaliyosemwa humu ndani."

Nyamizi anafungua kinywa abishe, na hapo hapo anagundua kwamba hakumbuki tena wimbo ambao mama yake alikuwa akiimba akipepeta mchele. Anaitafuta sauti yake kichwani. Anaona ungo, anaona mikono, anaona chuya zikiruka. Sauti hakuna.

"Hiyo ni ada ya kukaa mezani," lilisema kabati.

Mlango wa mbele ukafunguka, akaingia Masanja.

Masanja alikuwa mdogo wake wa pekee. Hawakuwa wamesemezana mwaka mzima, tangu siku ile alipogawa nyumba ya mama peke yake: vyumba vya mbele, vyenye fremu za duka zinazotazama barabara, akavichukua yeye, vya nyuma, vinavyotazama choo, akamwachia dada yake. Sasa alikuja akavuta kiti, akaketi upande wa dada yake kana kwamba walikuwa wamekula pamoja jana.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Nyumba ni yetu sote. Ukiliwa, nami nimeliwa."

Majirani nao wakaanza kuingia kutazama. Walisimama nyuma ya viti kimya kimya, kama watu waliokuja kuhani. Alipoingia jirani wa kumi, sebule ikawa tupu. Kandambili zao tu zilibaki mlangoni.

"Nilishawaambia wasijae," lilisema kabati, likagawa.

Vipande vinne vilisogea kwa Nyamizi na kusimama wima. Cha kwanza kilikuwa kirefu, kimejaa nukta kumi na mbili. "Mimi ni Mbingu," kilisema, bila majivuno, kama mtu anayetaja kabila lake. Cha pili kilikuwa na nukta mbili tu, moja huku, moja kule. "Ardhi." Cha tatu kilikuwa na nane, kikasema kinaitwa Mtu. Cha nne, chenye nne, kilikuwa kikitetemeka.

"Na wewe?"

"Bata," kilisema. "Usinicheke."

Si sebule tena. Wako kwenye korido ya hospitali, ile ile aliyofia mama, meza imezuia njia na manesi wanapita chini yake wakisukuma machela. Hakuna anayelalamika. Taa ya mwisho wa korido inazimika, kisha inayofuata.

"Panga," lilisema kabati. "Kila taa inayozimika ni neno moja limekwenda."

Masanja alishaanza kupanga kwa macho. "Rahisi hii, dada. Mbingu akae na Mtu, hiyo inaitwa Gong, haihesabiwi nukta, inapiga hata tisa. Weka nyuma. Ardhi na Bata ni sita, weka mbele. Wakubwa na wakubwa, wadogo na wadogo. Tumemaliza."

Nyamizi alivitazama vipande. Ilikuwa kweli. Ndivyo ambavyo yeye mwenyewe angepanga wiki iliyopita.

"Ardhi naye akikaa na Mtu ni Gong," alisema polepole.

"Gong ndogo."

"Ndogo kwa Mbingu tu. Na Mbingu akikaa na Bata ni kumi na sita. Kumi inadondoka. Inabaki sita."

"Sasa si sita ile ile! Sita ni sita, dada."

"Sita ya nani?"

Taa nyingine ikazimika. Nyamizi akahisi kitu kimemtoka kifuani, kitu kidogo cha siku zote, na ilimchukua muda kujua ni kipi. Mama yake hakuwa akimwita Nyamizi. Alikuwa na jina jingine la kumwitia, la ndani, la jikoni. Alilisikia kila siku ya maisha yake mpaka kwenye korido hii. Sasa halikuwepo. Ulimi ulilitafuta ukakuta mfupa.

Akamgeukia mdogo wake.

"Masanja," alisema, "mama alikuwa akiniitaje?"

Masanja akamtazama. Uso wake ukabadilika rangi. "Nilikuwa nalo sasa hivi," alisema. "Nilikuwa nalo, dada."

Korido imekuwa darasa la tatu la shule ya msingi. Wamebanana kwenye dawati moja, magoti yamegonga juu, na kabati limesimama ubaoni. Vipande vinne vimekaa mbele yao vimenyoosha mikono ambayo havina.

"Mimi naomba nisikae na Ardhi," alisema Bata. "Si kwamba nina ugomvi naye. Tukikaa wawili sisi, tunajua kabisa tumewekwa hapo ili tuliwe."

Mbingu akakohoa.

"Mmepanga?" liliuliza kabati.

Sheria ilikuwa wazi, ingawa hakuna aliyeitamka: atakayesema ndiyo, mpango wake ndio uliofungwa. Masanja alikuwa ameshavuta pumzi. Midomo yake ilikuwa imeshakaa vizuri kwa ajili ya ile ndi ya ndiyo. Nyamizi hakuwa na nafasi ya kumwomba wala kumweleza. Akainua mguu chini ya dawati, akashusha kisigino kwenye kidole gumba cha mguu wa mdogo wake kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na za mwaka mzima.

Masanja aliruka akapiga yowe. Halikuwa ndiyo. Halikuwa neno lolote la lugha yoyote. Akatoka darasani akirukaruka kwa mguu mmoja, na sauti yake ikaenda ikififia uwanjani.

Nyamizi alibaki na vipande vyake. Akamshika Mbingu begani, akamsogeza mbele, akamketisha karibu na Bata. Akamweka Ardhi nyuma pamoja na Mtu.

"Utanivumilia?" Bata alimuuliza Mbingu.

"Sogea kidogo," alisema Mbingu.

"Ndiyo," alisema Nyamizi. "Nimepanga."

Kabati lilifunua mkono wake wa nyuma kwanza. Tisa. Tisa nzuri, ya kuogopesha. Lakini Gong ya Ardhi ilikuwa juu yake, na tisa ikainamisha kichwa ikatoka.

Umebaki mkono wa mbele. Kabati halina haraka. Mlango wake unalia. Nyamizi anasahau rangi ya kanga ya mama, anasahau upande ambao mama alikuwa akilala. Kipande cha kwanza kinaanguka juu ya meza: Ardhi mwingine, pacha wa yule wake. Cha pili: Bata mwingine.

Sita.

Sita kwa sita. Nyamizi aliona kwa uwazi uliomtia baridi: lau angepanga yalivyotaka macho ya Masanja, mikono ya mbele ingekuwa sawa kabisa, Ardhi kwa Ardhi, Bata kwa Bata. Na sawa ni ya mwenye meza.

Lakini sita yake ilikuwa na Mbingu ndani.

Kabati lilivitazama vipande vile. Kisha likalegeza tai.

"Umeshinda yote miwili," lilisema. "Mimi hulipa papo hapo."

Likafungua milango yake yote. Ndani hakukuwa na nguo. Kulikuwa na jiko lao la Temeke, moshi, jua la saa nne, na sauti ya mama yake ikisema kutoka mahali fulani nyuma ya mlango, bila haraka yoyote:

"Mayu, funika hiyo sufuria. Nzi."

Nyamizi aliamka.

Kulikuwa kunapambazuka. Alilala kimya, akalisema lile jina kwa sauti ndogo mara moja, kisha tena, ahakikishe limekaa. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, naye hakuyafuta.

Simu ikalia. Ilikuwa ya Masanja. Aliitazama mpaka ikakaribia kukatika, ndipo akaipokea.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba."

Alimsikia akihema, kama mtu aliyepanda ngazi.

"Nimeamka na kidole gumba cha mguu kimevimba," alisema Masanja. "Kucha imekuwa nyeusi. Jana nililala mzima. Mke wangu anasema ni alama ya kisigino, na chake ni kidogo kuliko hicho."

"Pole."

"Ahsante." Sauti yake ikashuka chini sana. "Mimi nilitoka nje kabla hawajafunua, dada. Tulishinda?"