Pedali ya Kushoto

Mguu wa kulia wa Cleophace ulizikwa mwezi wa pili. Kisukari kiliula polepole, hospitali wakaukata chini ya goti, na ndugu zake wakaufukia nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka kaburi la mkewe Vero. Kila asubuhi aliutazama udongo ule kupitia dirishani akajiambia kwamba Vero ameanza kumchukua kidogo kidogo.

Kilichobaki kwake duniani ni kinanda, nacho alikuwa anakaribia kukikosa. Miaka ishirini na saba alikuwa mpiga kinanda wa usharika wao wa Kilutheri pale Ihanda. Tangu augue, kiti chake alikikalia Edvina, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha tangu akiwa binti wa kipaimara. Wazee wa kanisa walimjia na sauti za upole, zile za kumnyang'anya mtu kitu huku wanampigapiga bega, wakamshauri apumzike. Alipokuja juu, wakampa Jumapili moja ajaribu. Angepiga wimbo wa sadaka tu. Wakiridhika, arudi kitini, wasiporidhika, mjadala umefungwa.

Vidole vyake vilikuwa vizima. Shida ilikuwa chini, kwenye pedali. Kile kinanda cha umeme kina pedali tatu, na ya kulia ndiyo roho yake: ukiikanyaga, sauti inaendelea hata vidole vikiinuka, wimbo unaungana. Usipoikanyaga, noti zinakatika moja moja, wimbo unakuwa mkavu. Ya kushoto inafifisha sauti tu, na Cleophace hakuwahi kuwa na haja nayo.

"Shikamoo, mwalimu," Edvina alimwambia Jumatano moja, simu yenye maelekezo ya kinanda mkononi. "Nimesoma hapa kwamba hizi pedali zinapangiwa kazi. Kazi ya kulia tunaweza kuipa ya kushoto."

"Marahaba. Kwa hiyo pedali inahama?"

"Haihami, mwalimu. Kazi yake ndiyo inahama."

Alibonyeza vitufe, akakosea, ngoma za dansi zikalipuka kanisani hadi Mama Sperancia, mhudumu wa kanisa, akaja mbio na ufagio wake. Akajaribu tena. Cleophace akakanyaga pedali ya kushoto, akapiga noti tatu, akainua mikono. Sauti ikabaki hewani, ikatanda kanisa zima. Mzee wa watu akalia pale pale, wala hakujificha.

Wakafanya mazoezi mwezi mzima. Mguu wa kushoto ulikuwa mzito wa kuelewa, na ule usiokuwepo ulikuwa na kiherehere, ukikanyaga hewa kabla ya wakati. Mara mbili alitaka kuacha. Lakini Jumamosi ya mwisho alipiga wimbo mzima bila kasoro, na akarudi nyumbani kwa bodaboda, magongo mapajani, akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu amzike Vero.

Jumapili kanisa lilijaa. Wimbo wa sadaka huko ni mrefu, kwa sababu watu wanatoka na walichonacho, huyu mkungu wa ndizi, yule debe la maharage, na kinanda hakinyamazi mpaka wa mwisho arudi kitini. Cleophace aliweka magongo chini, akaanza. Akakanyaga kushoto.

Sauti ikafifia, ikakatika.

Akakanyaga tena kwa nguvu. Noti zilidondoka kavu, moja moja, na waimbaji wakaanza kutazamana. Mzee Anatory, mwenyekiti wa wazee, aliinamisha kichwa. Cleophace alimtafuta Mama Sperancia kwa macho, akamwona mlangoni, mikono kifuani, na hapo akaelewa. Jumamosi jioni kulikuwa na ngurumo. Mama Sperancia alichomoa waya wa kinanda ukutani, asubuhi akauchomeka tena, na kinanda kikasahau kila kilichopangwa. Mama wa watu hakuwa na kosa. Miaka sita nyuma radi ilikiunguza kinanda cha kwanza, na ni Cleophace mwenyewe aliyesimama mbele ya usharika akafoka kwamba wingu likionekana tu, waya uchomolewe. Mama Sperancia alikuwa hajawahi kusahau hata siku moja.

Edvina alitoka kwenye kwaya. Kupanga upya katikati ya wimbo kusingewezekana, na foleni ya sadaka ndiyo kwanza ilikuwa imefika nusu. Akaketi ubavuni kwake kwenye benchi, upande wa kulia, akaweka mguu wake kwenye pedali ya kulia.

Wimbo ukaungana.

Alikanyaga pale pale ambapo Cleophace angekanyaga, akaachia pale pale ambapo angeachia. Hakuhitaji kumwangalia. Beti mbili walikwenda hivyo, na Cleophace akasikia kitu ambacho masikio yake yalikuwa yakikikwepa miezi yote: mikono yake ilikuwa inamchelewesha binti yule. Kwenye ubeti wa mwisho akainua mikono taratibu, akaiweka mapajani. Edvina akashtuka, akaupokea wimbo. Hakuna mtu hata mmoja aliyegeuza kichwa.

Baada ya ibada Anatory alikuja na wazee wenzake, uso umekunjuka.

"Mwalimu, mwanzoni ulitutia hofu. Lakini ule ubeti wa mwisho! Tumekubaliana, kiti ni chako."

Edvina aliinama, akajifanya anakusanya vitabu vya nyimbo. Angenyamaza milele, Cleophace alilijua hilo. Adabu yake ilikuwa hivyo, na ni yeye aliyemlea nayo. Hakutakiwa kufanya chochote ila kusema asante.

"Ule ubeti kapiga huyu," alisema.

Wazee wakakosa pa kuweka macho. Edvina alikuwa tayari amenyoosha mkono kwenye vitufe.

"Mwalimu, nipe dakika tano tu. Naipanga upya, tutaweka na karatasi ukutani wasichomoe tena..."

Cleophace akaushika ule mkono, akauondoa kwenye vitufe.

"Iache kulia, mwanangu," akasema, kisha akamwomba amwokotee magongo.