Ushahidi wa Majivu

Asubuhi ya Jumatatu Chausiku alikuwa mstarini mbele ya baraza ya Akida Stambuli, kuku wa salamu kwapani, miguu imejaa vumbi la njia ya Kiroka. Nyuma yake alisimama jirani yake Veronika, maana kila mwombaji alitakiwa aje na shahidi anayemjua. Kuku alikuwa wa Veronika. Hata banda la viazi alimolala Chausiku na binti yake Hidaya lilikuwa la Veronika.

Mpiga mbiu alikuwa amepita milimani akisema serikali ya Mdachi imetoa msaada. Asiyewahi kumiliki nyumba atakopeshwa kiwanja karibu na reli, pamoja na miti, misumari na mabati, naye atalipa taratibu kwa kazi ya shamba la mkonge. Masharti ni mawili tu. Awe hajawahi kumiliki nyumba. Na awe amelipa kodi ya nyumba kila mwaka bila kukosa.

"Mtu anayelipa kodi ya nyumba asiyokuwa nayo ni mtu wa namna gani, mama Hidaya?" aliuliza Veronika.

"Sijui. Labda tutamwona leo."

Chausiku hakuwa na hamu ya mabati. Yeye alitaka kuta nne na mafiga matatu. Hidaya alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshashuka, na masika yalikuwa njiani. Katika ukoo wao mtoto wa kwanza wa binti huzaliwa karibu na mafiga ya bibi yake, naye Chausiku alikuwa hana mafiga.

Mbele yao aliitwa Yunusi, mfanyabiashara wa karanga za Gairo, aliyemwoa dada yake Akida. Yunusi alikuwa na nyumba tatu, na kila aliyekuwa mstarini alizijua.

"Umewahi kumiliki nyumba?" aliuliza Akida.

"Mimi? Mimi mwanamume wa Kiluguru, bwana shemeji. Nyumba ni za wake zangu. Mimi napewa mahali pa kuweka ubavu."

Watu wakacheka. Akida naye akacheka, mkono tumboni.

"Na kodi?"

"Nimelipa zote tatu."

Yunusi akaweka mkono juu ya msahafu, akaapa, akapewa kiwanja cha kona. Chausiku alikuwa amesikiliza kwa makini. Katika kiapo kile hamkuwa na neno hata moja la uongo. Hilo ndilo lililomchefua, tusi likamjia mdomoni, akalimeza kwa sababu alikuwa na udhu.

Ikawa zamu yake.

"Shikamoo, bwana Akida."

"Marahaba. Weka kuku pale. Umewahi kumiliki nyumba, mama?"

"Nilikuwa nayo. Ilichomwa."

"Ilichomwa na nani?"

"Na askari wako. Mume wangu alikuwa mgonjwa, kodi ikachelewa."

Akida hakukasirika. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za mvua. "Pole. Lakini hiyo si ilikuwa nyumba ya marehemu?"

Veronika alimfinya mgongoni. Mstari mzima ulimngoja aseme ndiyo. Neno hilo moja lingetosha. Lakini msahafu ulikuwa palepale mezani, na marehemu mumewe alikuja kwao na shoka, mkeka na kikohozi, basi.

"Ilikuwa yangu. Kabla yangu ilikuwa ya mama yangu."

"Basi umeshawahi kuwa na nyumba."

"Haipo, bwana."

"Lete ushahidi kwamba haipo."

"Majivu yapo kulekule juu."

"Yalete tuyaone," alisema Akida. Kuku hakumrudisha.

Walipoanza kupanda Veronika akamgeukia. "Ungesema tu ni ya mume, dada yangu. Mungu angekuelewa."

"Angenielewa," alisema Chausiku. "Ningemwogopa mama."

Pale nyumba ilipokuwa, majani yalikuwa hayajaota, na majivu yalikuwa makavu, kwa kuwa tangu siku ile mvua ilipakwepa. Chausiku akapiga bismillahi, akayazoa yote kwa mikono, akayatia kwenye kikapu. Siku ya pili yake akayashusha. Yalikuwa mazito kuliko majivu. Kwenye mteremko wa mwisho shingo yake ilikuwa imebeba nguzo, fito na udongo mbichi, naye akapumzika kila penye kivuli.

Akida alikuwa akinywa chai. Chausiku akamwaga majivu uwanjani, na nyumba ikasimama. Kwanza nguzo ya kati, halafu kuta, halafu mlango wenye alama za kisu ambapo Hidaya alipimwa urefu kila baada ya mavuno. Mafiga matatu yalikuwa mahali pake. Paa lilikuja mwisho, na kwenye pembe ya kushoto bado lilikuwa linawaka.

Watu walisogeza mstari upande usio na moshi. Askari mmoja alizunguka ukuta akahesabu vyumba. Akida alimaliza chai yake, akatoka, akagonga nguzo kwa fimbo.

"Mti mzuri," alisema. "Haya, mama. Nyumba unayo."

"Inaungua, bwana."

"Inaungua, lakini ipo. Msaada ni wa wasio na nyumba. Halafu hii haijalipiwa kodi tangu lini? Na umeijenga kwenye uwanja wa serikali."

"Sikuijenga."

"Iondoe kabla ya adhuhuri."

Chausiku alimtazama, kisha akawatazama walio mstarini. Wengine walikuwa wakiangalia vidole vya miguu yao. Yunusi, aliyekuja kuchukua misumari, alimwambia kwa upole kwamba angekuwa na mume mambo yangekuwa mepesi.

"Wewe bora unuke karanga tu," Chausiku alimwambia. "Ukifungua mdomo unanuka kingine."

Akageuka akashika njia ya Kiroka. Nyumba ikamfuata, ikipita kando kando ili isikanyage mihogo ya watu.

Hidaya alijifungua ndani yake wiki ile ile masika yalipoanza, mgongo wake umeelekea mafiga ya mama yake. Alikuwa mtoto wa kike. Wakamwita Asia. Mvua ilinyesha juu ya pembe ile usiku na mchana, ikatoa sauti ya chuma cha moto kinachozamishwa majini, lakini moto haukuzimika wala haukusogea. Asia alijifunza kukohoa kabla ya kucheka. Veronika alileta viazi, akavichoma kwenye pembe ile bila kuokota kuni.

Kule relini nyumba ya mabati ya Yunusi ilikamilika. Akaipangisha.

Mwaka uliofuata askari alikuja kudai kodi ya nyumba. Chausiku alilipa. Askari akatoa kiko chake, akanyoosha mkono, akakiwashia kwenye pembe ya paa, akavuta mara mbili, akaaga vizuri.

Chausiku alikuwa ametawadha tayari kwa sala ya alasiri. Alisimama mlangoni mpaka harufu ya tumbaku ile ilipopungua, kisha akachukua kata ya maji, akasukutua mdomo, akaanza kutawadha upya.